Chakula Kilichopigwa Mionzi: Ipi Ni Hofu ya Haki?

Katika mambo yanayowatia watu wasiwasi zama zetu hizi, chakula kimekuwa cha mbele. Zamani mama wa nyumba alijua mahindi yake yametoka shamba gani na samaki wake kavuliwa na nani. Leo kopo limetoka ng'ambo, viungo vimo ndani ya pakiti, na maziwa ya unga yamepita bandari na maghala mengi kabla ya kufika Sengerema. Tangu daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, magari ya bidhaa kutoka Mwanza hayangoji tena kivuko. Huvuka ghuba kwa dakika chache. Hilo ni jambo la kheri, nasi twalishukuru. Lakini bidhaa zinapokuja kwa wingi, maneno nayo huja kwa wingi. Miongoni mwa maneno yanayozunguka duniani kwa miaka mingi lipo hili: kwamba viko vyakula vinavyopigwa mionzi kabla ya kuuzwa, na kwamba mwenye kuvila hujitia sumu ya atomiki mwilini.

Tumeona yafaa kulieleza jambo hili kwa urefu, kwani si jambo la wataalamu peke yao. Mwislamu ameamrishwa kula kilicho halali na kilicho kizuri, na uzuri wa kitu haujulikani kwa kukisia. Vile vile ameonywa asiichukue kila habari aletewayo na kuitangaza kabla ya kuipeleleza. Maamrisho haya mawili yatosha kuwa taa yetu: tusile kwa upofu, wala tusiogope kwa upofu.

MAMBO MAWILI YANAYOCHANGANYWA

Asili ya hofu nyingi ni kuchanganya mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni chakula kilichoangukiwa na vumbi la atomiki. La pili ni chakula kilichopitishwa mbele ya mionzi kwa makusudi ili wadudu na vijidudu wafe. Tofauti yake ni kama tofauti ya mwanga wa moto na majivu ya moto. Chungu kikikaa karibu na moto humulikwa, na ukikiondoa, mwanga haukifuati. Lakini majivu yakiingia ndani ya mchuzi, yamo. Hata ukiuhamisha mchuzi nyumba ya pili, umeyahamisha pamoja nao.

Majivu ya namna hiyo yaliuangukia ulimwengu mwezi Aprili 1986, kiwanda cha umeme wa atomiki cha Chernobyl, nchini Ukraine, kilipolipuka. Vumbi lake lilichukuliwa na upepo likaanguka juu ya majani ya nchi nyingi za Ulaya. Ng'ombe wakayala, na sumu ikaonekana katika maziwa. Hapo ndipo nchi nyingi, zikiwemo za mbali na Ulaya, zilipoanza kuyatilia shaka maziwa ya unga na kuyapima. Hofu hiyo ilikuwa ya haki. Ikarudi tena mwaka 2011, bahari ilipokivamia kiwanda cha Fukushima nchini Japani.

Katika nchi yetu kazi ya kupima majivu hayo amepewa mlinzi maalumu. Sheria ya kujikinga na mionzi ilitungwa mwaka 1983, na Sheria Namba 7 ya mwaka 2003 ikaunda Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Tume hii hupima vyakula vinavyoingia na vinavyotoka nchini ili kujua kama vina chembe za atomiki kupita kiasi. Basi msomaji akisikia kuwa shehena ya chakula "imepimwa mionzi", asidhani kwamba shehena hiyo imepigwa mionzi. Kupimwa ni kukaguliwa tu, kama daktari amwekeavyo mgonjwa kipimajoto. Kipimajoto hakileti homa.

MIONZI HUFANYA NINI

Sasa tuseme juu ya jambo la pili, yaani chakula kipigwacho mionzi kwa makusudi. Chakula huwekwa katika masanduku, nayo hupitishwa ndani ya chumba chenye kuta nene za zege. Humo hupigwa na miale ya gama itokayo katika kobalti 60 au sesiamu 137, au na eksirei, au na elektroni zinazosukumwa kwa nguvu na mashine. Miale hiyo hupenya hadi katikati ya sanduku na kuzivunja mbegu za uhai ndani ya funza, mayai ya wadudu na vijidudu vya maradhi. Kisha masanduku hutoka nje. Chakula hakiigusi kobalti hata kidogo, wala miale ya kobalti haina nguvu ya kukigeuza chakula kikawa nacho chatoa mionzi.

Kipimo chake ni grei, na grei elfu moja huitwa kilogrei. Vitunguu na viazi, ili visichipue ghalani, havihitaji hata kilogrei moja; sehemu ndogo ya kumi yake yatosha. Nafaka na samaki wakavu, ili wadudu wafe, huhitaji kiasi kisichozidi kilogrei moja. Nyama na viungo, ili vijidudu vife, huhitaji zaidi, hata kufikia kilogrei 10. Kilogrei 10 hizo, zikigeuzwa zote kuwa joto, hazipandishi joto la maji hata nyuzi tatu za sentigredi. Ndiyo maana chakula hutoka kikiwa kibichi kama kilivyoingia.

Hapa mtu aweza kuuliza: je, si kweli kwamba mionzi huua? Naam, huua. Grei tano tu, zikimpata mtu mwili mzima, zaweza kumtoa roho. Lakini anayekula chakula hicho hakuingia ndani ya chumba cha mionzi. Mkate hutoka katika tanuri ambamo mtu hawezi kukaa hata dakika moja, nasi twaula asubuhi pamoja na watoto wetu bila ya hofu. Mwenye kustahili kuogopa tanuri ni mwoka mikate. Na hivyo ndivyo ilivyo: mwezi Februari 1989, katika mji wa San Salvador huko Amerika ya Kati, wafanyakazi watatu wa kiwanda cha kutakasa vifaa vya hospitali kwa kobalti waliingia chumbani ilhali kobalti haijashuka mahali pake pa salama. Mmoja wao alikufa. Basi hatari ya kweli ya kazi hii iko kwa wafanyakazi na kwa ulinzi wa mitambo; na nchi isiyoweza kuwalinda wafanyakazi wake haifai kuwa na mtambo wa namna hiyo.

Tena tukumbuke kwamba familia zetu zimekwisha kutana na mionzi bila ya kujua. Sindano nyingi, glavu na nyuzi za kushonea majeraha hutakaswa kwa miale hiyo hiyo ya gama kabla ya kufika hospitali. Wagonjwa wa saratani hutibiwa kwa mionzi Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza.

Na huko Unguja mionzi ilifanya kazi nyingine kubwa. Kati ya mwaka 1994 na 1997, mbung'o madume waliofugwa Tanga walipigwa mionzi ili wawe tasa, kisha wakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, zaidi ya milioni 8. Majike ya porini yalipandwa na madume hayo yasizae, na mbung'o wa mwisho wa porini akaonekana mwaka 1996. Ng'ombe wa Unguja wakapona nagana, wenye kukamua wakapata maziwa, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o tena.

HOJA ZA WANAOKATAA

Si haki kuwaita wajinga wote wanaokataa. Wamo wenye hoja, na hoja hujibiwa kwa hoja.

Kwanza, husemwa kwamba mionzi huzaa vitu vipya ndani ya chakula. Ni kweli kwamba huzaa, hata katika mafuta ya nyama hupatikana vitu vichache ambavyo moto wa kawaida hauvizai kwa urahisi. Wataalamu wamevichunguza kwa miaka mingi. Mwaka 1980 kamati ya pamoja ya Shirika la Chakula na Kilimo, Shirika la Nguvu za Atomiki na Shirika la Afya Duniani ilitoa uamuzi kwamba chakula kilichopigwa mionzi isiyozidi wastani wa kilogrei 10 hakina madhara ya sumu. Mwaka 1983 Tume ya Codex Alimentarius, inayoweka viwango vya vyakula duniani, ikatoa kanuni yake juu ya msingi huo. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliyapitia mambo hayo tena mwaka 2011, ikasema kwamba vitu vingi vinavyozaliwa na mionzi huzaliwa pia kwa kupika na kwa njia nyingine za kuhifadhi chakula.

Pili, hutajwa watoto wa India. Mwaka 1975 watafiti wa Hyderabad walisema kwamba waliona mabadiliko katika chembe za damu za watoto wenye utapiamlo waliolishwa ngano iliyotoka tu kupigwa mionzi. Habari hiyo ilienea duniani kote. Lakini watoto wote waliochunguzwa walikuwa 15, nao waligawanywa makundi matatu. Na wataalamu waliokuja kuichunguza kazi hiyo baadaye hawakuona kwamba yatosha kuthibitisha lililodaiwa. Habari ya kwanza ilienea kwa kishindo, ya pili ikapita kimya kimya, kama ilivyo desturi ya habari duniani.

Tatu, hutajwa paka wa Australia. Hili ni kweli, wala halifai kufichwa. Mwaka 2008 na 2009 paka wengi wa huko walipooza miguu baada ya kulishwa chakula kikavu cha paka kilichoingizwa kutoka ng'ambo na kupigwa mionzi mikali mno, mara kadhaa kupita kilogrei 10. Serikali ya Australia ikapiga marufuku kupiga mionzi chakula cha paka. Jambo hili halikuonekana kwa binadamu, wala kiasi kile si cha chakula cha watu. Hata hivyo latufundisha kwamba mpaka uliowekwa si pambo, na anayeuvuka lazima azuiwe.

Nne, husemwa kwamba mionzi hupunguza vitamini. Ni kweli kwamba hupunguza baadhi, khasa vitamini B1, kama vile moto na kukaa kwa muda mrefu vinavyopunguza. Mwenye kula vyakula mbalimbali hataliona pengo hilo. Mwenye kula cha aina moja tu kila siku aweza kuliona.

Tano, na hii ndiyo hoja nzito kuliko zote: mfanyabiashara mchafu aweza kuifanya mionzi kuwa kifuniko cha uchafu wake. Nyama ikichinjwa mahali pachafu, ikachelewa, ikajaa vijidudu, kisha ikapigwa mionzi, vijidudu vitakufa lakini uchafu utabaki. Mionzi huua, haitoharishi. Ndiyo maana kanuni ya Codex yenyewe yasema kwamba njia hii isitumiwe badala ya usafi na uangalifu wa kazi. Tena ndiyo maana mnunuzi ana haki ya kuambiwa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya chakula kilichopigwa mionzi lazima kiandikwe hivyo, na orodha ya pamoja ya nchi hizo, iliyotolewa mwaka 1999, yataja viungo na majani makavu ya kukolezea tu. Alama inayojulikana duniani huitwa Radura: duara la kijani lililokatikakatika upande wa juu, na ndani yake mfano wa mmea wenye majani mawili. Anayeficha jambo hili hata kama halina dhara amefanya khiana katika biashara, na khiana ndiyo mama wa hofu.

YALIYOTUPATA ZIWANI

Watu wa ziwa hawahitaji kufundishwa kutoka mbali namna imani ya mlaji inavyopotea. Mwishoni mwa mwaka 1997 Ulaya iliwazuia samaki wabichi wa Afrika Mashariki kwa hofu ya kipindupindu. Mwaka 1999 jambo likawa zito zaidi: ilijulikana kwamba baadhi ya wavuvi wa Ziwa Victoria walikuwa wakimwaga majini sumu ya kuulia wadudu wa mashambani ili wazoe samaki kwa urahisi. Umoja wa Ulaya ukawazuia sangara wa Uganda, Kenya na Tanzania. Viwanda vya minofu vya Mwanza vilikosa soko, na mvuvi mwaminifu, ambaye hakuwahi kushika chupa ya sumu, akakosa mnunuzi sawasawa na mhalifu. Soko halikufunguliwa tena mpaka usafi, ukaguzi na vipimo viliporekebishwa.

Tuitazame hofu ile kwa makini. Walaji wa Ulaya walikuwa na haki ya kuogopa, kwani sumu ilikuwapo. Na hakuna mashine ya mionzi ambayo ingewasaidia, kwani mionzi huua kiumbe chenye uhai, na sumu ya shambani haina uhai wa kuuawa. Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu na kwa baruti. Lakini sheria hailali mwaloni usiku. Anayelala hapo ni mvuvi, na jirani yake, na dhamiri zao.

Sumukuvu ni mfano wa pili. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua ghafula baada ya kula mahindi yaliyoota ukungu. 68 walihesabiwa kuwa wagonjwa, na 20 kati yao wakafariki. Mionzi yaweza kuuua ukungu kabla haujatoa sumu, lakini sumukuvu ikisha kuingia katika punje, kiasi cha mionzi kitumiwacho kwa chakula hakiiondoi. Wala moto wa jikoni hauiondoi. Dawa yake ni kukausha nafaka upesi na vizuri, kuiweka juu mbali na unyevu, na kuzitupa punje zilizooza bila ya kuzionea huruma.

YAPASAYO NYUMBANI KWETU

Tukiyapima haya yote pamoja, twaona kwamba hofu ya haki ipo, ila mara nyingi tumeipeleka nyumba isiyo yake. Mtu aweza kukataa pakiti ya pilipili manga kwa kusikia kwamba imepigwa mionzi, naye siku hiyo hiyo akala dagaa walioanikwa mchangani penye kinyesi cha kuku na mbuzi. Aweza kuuliza habari za atomiki, na maji yake ya kunywa hayakuchemshwa, ilhali kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kilifika hadi Mwanza.

Kwa hiyo twashauri haya. Dagaa waanikwe juu ya vichanja, si mchangani. Jua nalo lina miale iliyo rehema kwetu, lakini haliwezi kuusafisha mchanga kila mawimbi ya watu na wanyama yanapopita. Michembe na matobolwa yakaushwe mpaka yalie yakivunjwa, kisha yafunikwe. Mahindi yenye ukungu yasipewe kuku wala yasifichwe kwa kuchanganywa na mazuri. Samaki mwenye harufu ya dawa asinunuliwe hata akiuzwa bure, na muuzaji wake aripotiwe. Kopo na pakiti zisomwe kabla ya kulipiwa: tarehe, mahali zilipotengenezwa, na alama. Vijana wetu wanaosoma wawasomee mama na bibi zao. Elimu ya shule ikiishia kwenye daftari haijamfaa mtu.

Penye shaka ya kweli, kuna milango ya kugonga. Tangu mwaka 2019 usalama wa vyakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, na mambo ya mionzi yako chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki. Maafisa wa afya wa halmashauri nao wapo. Ni wajibu wetu kuwauliza, na ni wajibu wao kutujibu kwa Kiswahili tunachokielewa. Ofisa anayesema "msiogope" pasipo kueleza sababu huongeza hofu. Anayefungua daftari lake akaonyesha kilichopimwa, na kilichokutwa, ndiye anayeiondoa.

Juu ya chakula kilichopigwa mionzi, basi, neno letu ni hili: kikitengenezwa kwa usafi, kikapigwa kwa kiasi kilichowekwa, kikaandikwa wazi, hatukuona ushahidi wa kukiogopa. Kikifichwa, tuna haki ya kukikataa, si kwa ajili ya mionzi, bali kwa ajili ya kufichwa. Na mizani hiyo hiyo tuitumie kwa samaki wa mwaloni, kwa unga wa mashineni na kwa maziwa ya jirani. Atakayewalisha watu kitu ambacho mwenyewe hathubutu kumlisha mwanawe, huyo ndiye wa kuogopwa, awe anatumia kobalti au anatumia ungo. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.